Kabla ya Kusema “Ni Laana”: Imani na Sayansi katika Makanisa ya Bukavu

Tarehe 5 Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox si tena dharura ya dunia nzima. Dharura hiyo ilikuwa imetangazwa tarehe 14 Agosti 2024, siku moja baada ya Africa CDC kutangaza ya kwake kwa bara letu. Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua vizuri mahali ambapo sura hii mpya ya ugonjwa ilianzia: Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika teritori ya Mwenga, mwezi wa Septemba 2023.

Kila mtu aliyekaa katika makusanyiko yetu wakati ule anakumbuka maneno yaliyosemwa. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema ni adhabu ya uzinzi, au ulozi, au kitu kilichotengenezwa na wageni ili watuuzie chanjo. Wengine, wachungaji na wauguzi pamoja, walisema: ombeni, na mpeleke mgonjwa sentri ya afya leo, msingoje kesho. Makundi haya yote yaliomba kwa jina moja na kusoma Biblia moja, lakini matokeo yao hayakuwa sawa.

Sasa kelele zimepungua, ni wakati mzuri wa kujiuliza kwa utulivu: kanisa la mashariki linaichukuliaje sayansi? Na wale ndugu na dada zetu walio waumini na pia watafiti, madaktari, wauguzi na wahandisi, tunawapa nafasi gani?

Yale yaliyoonekana Kamituga

Watafiti wa Kongo pamoja na wenzao wa nchi nyingine walichunguza wagonjwa waliolazwa Kamituga kati ya Septemba 2023 na Januari 2024. Wagonjwa 108 walithibitishwa na labo, au maabara kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania. Zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanawake. Karibu 3 kati ya 10 walikuwa watu wanaojipatia riziki kwa ngono, katika mji ambao mabaa yanaishi kwa pesa za wachimbaji. Walipokisoma kirusi chenyewe, walikuta ni tawi jipya, lililopewa jina la Ib, na alama zake zilionyesha kwamba kilikuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu.

Habari hiyo yaweza kusomwa kwa njia mbili. Mtu anaweza kusema: tazama, ni ugonjwa wa makahaba, wamevuna walichopanda. Mwingine anaweza kuuliza: kama ugonjwa unapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, nani atafuata? Jibu la swali la pili lilionekana mapema. Watoto wengi waliugua, watoto ambao hawajui baa ni nini. Waliupata kwa kubebwa, kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa, kwa kushiriki nguo na shuka.

Mama akisikia kanisani kwamba vipele vyake ni alama ya dhambi, atavificha. Akivificha, atamnyonyesha mtoto, atalala naye, na baada ya siku kadhaa mtoto naye atakuwa na homa. Kwa hiyo neno linalosemwa mimbarani bila kuuliza linaingia nyumbani na kufanya kazi humo. Ndiyo sababu jambo la imani na sayansi si mazungumzo ya wasomi peke yao.

Mabishano ya wengine, na yetu

Wengi wakisikia “imani na sayansi” wanafikiri Mwanzo sura ya kwanza, umri wa dunia, na Darwin. Hayo ni maswali ya kweli, na Wakristo wakubwa wameyashughulikia. Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyekuwa profesa huko Louvain, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba wote ulitoka katika mwanzo mmoja mdogo sana. Francis Collins, Mkristo wa kiinjili wa Marekani, aliongoza kazi ya kusoma maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mwili wa mwanadamu hadi ilipokamilika mwaka 2003. Watu hao wawili hawakuona sababu ya kuacha maombi ili wafanye hesabu.

Lakini kwetu Bukavu, ni mara chache familia kugawanyika kwa sababu ya umri wa nyota. Familia inagawanyika mgonjwa anapolala. Mjomba anataka apelekwe kwa mtu wa miti shamba, shangazi anataka chumba cha maombi cha siku arobaini, na binti aliyesoma uuguzi anataka gari la kwenda hospitali. Swali letu ni hili: ugonjwa na maafa vinatoka wapi, na nani ana ruhusa ya kulijibu? Hapo ndipo imani na sayansi vinakutana kwetu, na hapo ndipo tunahitaji mashahidi wa hapa hapa.

Mtoto wa mchungaji aliyeuliza

Shahidi wa kwanza hatuhitaji kumtafuta mbali. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyofuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakaondoka. Kijana akauliza: mimi nikiugua unaniombea na kunipa dawa, mbona huyu umemwombea tu? Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Hapo kijana akaamua atakuwa yule anayetoa dawa, na baba aendelee kuomba.

Tuangalie vizuri jibu la mchungaji yule. Hakusema dawa ni upungufu wa imani, wala hakujifanya anajua asichojua. Alitaja mpaka wa kazi yake, na kwa kuutaja alifungua mlango kwa mtoto wake.

Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa pamoja na wauguzi waliuawa. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianzishwa hapa Bukavu chini ya CEPAC. Ilikusudiwa iwasaidie akina mama wajifungue salama, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya. Kutoka hapo kazi ikabadilika. Kutengeneza fistula ilikuwa jambo la kujifunza, kuhesabu, kulinganisha upasuaji uliofaulu na ule ulioshindwa. Mwaka 2015 Mukwege alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels kwa utafiti wake juu ya fistula. Mwaka 2018 akapewa tuzo ya amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad.

Tunapenda kuitaja tuzo, na tunasahau kile kitabu cha utafiti. Hata hivyo, kwa swali letu la leo kitabu kile kina uzito mkubwa. Kinaonyesha mtu anayemwombea mgonjwa wake na bado anaandika katika daftari ni wangapi walipona na ni wangapi hawakupona, kwa sababu mgonjwa wa kesho ana haki ya kufaidika na kosa la jana.

Wakati wa COVID-19 tuliliona jambo hilo tena. Daktari huyo aliwekwa kuongoza kamati ya afya ya jimbo letu dhidi ya ugonjwa, na Juni 2020 akajiuzulu. Kati ya sababu alizotoa ni kwamba vipimo vilitumwa Kinshasa na majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili kurudi. Hakutaka kuongoza vita akiwa amefumbwa macho. Watu wengine wangebaki kwa ajili ya cheo. Ukweli juu ya kile tusichoweza kukiona ni sehemu ya utumishi pia.

Kuuliza “wapi” kama kazi ya upendo

Bukavu haiko peke yake katika jambo hili. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Mkristo wa kiinjili asiyeficha imani yake, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Alikutana na watoto wenye uvimbe wa kutisha kwenye taya, na mwaka 1958 akaandika juu yake. Angeweza kuishia kwa kuwahurumia. Badala yake alianza kuuliza hospitali nyingine za Afrika, nyingi zikiwa za misheni: je, ninyi mnauona? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri kilometa zipatazo 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiweka alama kwenye ramani.

Ramani ilionyesha kwamba uvimbe ule haukai penye baridi na milima mirefu, wala penye ukame. Unakaa penye joto na mvua, karibu sawa na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikuta kirusi katika chembe za uvimbe zilizotumwa kutoka Uganda. Leo inajulikana kwamba kirusi hicho na malaria vinashirikiana katika kuuleta, na kwamba dawa zikipatikana mapema, watoto wengi wanapona.

Fikiri mzazi wa mtoto wa namna ile kijijini miaka ya 1950. Uso wa mtoto unavimba ndani ya wiki chache. Ni rahisi sana kumtafuta jirani aliyeroga. Swali la “wapi” liliwaondolea majirani wengi lawama hiyo, na likawapa watoto dawa.

Upepo mbaya na nyumba zinazoanguka

Kwenye Ziwa Kivu tuna neno letu wenyewe: mazuku, upepo mbaya. Wakazi wa upande wa Goma na Sake wanajua mashimo na mabonde ambamo mbuzi anakutwa amekufa asubuhi bila jeraha, na wakati mwingine mtoto au mkimbizi aliyelala hapo. Watafiti wa volkano walipopima, walikuta ni hewa ya kaboni, ile CO2, inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inatulia chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Aliye mfupi anakufa kwanza.

Je, wazee walioita mahali hapo pabaya walikosea? Waliona sawa, na onyo lao liliokoa watu. Sayansi iliongeza kile ambacho jicho haliwezi kuona: kwa nini, saa ngapi, na kwa urefu gani kutoka ardhini. Mkristo hana haja ya kuchagua kati ya kumshukuru Mungu kwa onyo la mababu na kumshukuru kwa chombo cha kupimia.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008 asubuhi, tetemeko la ardhi la ukubwa wa karibu 6 lilitikisa Bukavu na ng’ambo ya Ruzizi. Huko Rusizi, Rwanda, kanisa liliwaangukia watu wakiwa katika ibada. Tungesema nini juu yao? Walikuwa wanaabudu! Bwana Yesu aliulizwa swali la namna hiyo katika Luka sura ya 13. Alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliwageuza wasikilizaji wajitazame wenyewe. Kwa upande wake sayansi inatuambia kwamba tumekaa juu ya bonde la ufa, ambapo ardhi inatanuka polepole, na matetemeko yatarudi. Kwa hiyo kamati ya ujenzi wa kanisa inayoweka nguzo na mikanda ya beto kama inavyotakiwa inafanya kazi ya kichungaji.

Tukumbuke pia Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021. Miezi kabla ya mlipuko ule, fedha za wafadhili wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma zilikuwa zimekatika, na watafiti wakakosa hata pesa za intaneti ya kupokea habari kutoka vyombo vyao. Lava ikafika pembeni mwa mji usiku. Baada ya hapo unabii mwingi ulitolewa. Ni wachache waliouliza kwa nini walinzi wa mlima walikuwa wamenyimwa taa.

Kuhani aliyetazama mara mbili

Wapo wanaoogopa kwamba kupima na kungoja ni kumpunguzia Mungu heshima. Na wasome Mambo ya Walawi sura ya 13. Mtu mwenye alama kwenye ngozi analetwa kwa kuhani. Kuhani anatazama rangi, kina na nywele za mahali pale. Asipokuwa na hakika, hatoi hukumu. Anamtenga mtu huyo siku saba, kisha anatazama tena, na ikihitajika siku saba nyingine. Huyo ni mtumishi wa madhabahu, na kazi aliyopewa ni kuangalia kwa makini na kukubali kwamba leo hajajua bado. Wauguzi wa Kamituga waliotenga wagonjwa wa mpox wanafanana naye sana.

Hezekia naye, katika Isaya sura ya 38, aliomba kwa machozi na akasikilizwa. Kisha nabii yule yule aliyeleta ahadi ya miaka 15 aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa kimoja.

Watu wana sababu za kutoamini

Hata hivyo tusiseme kwamba kila anayekataa chanjo ni mjinga. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 katika nchi yetu na kufika hadi Mwenga, watu waliona magari makubwa na pesa nyingi zikifuata ugonjwa, huku wao wakiendelea kuuawa kwa mapanga na risasi. Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti kwamba wanawake walinyanyaswa kingono na watu waliokuja kupambana na Ebola. Iliwataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Jambo kama hili halifutwi na tangazo la redio.

Lakini ukweli mwingine wa wakati ule ni huu: dawa mbili zilizothibitika kuokoa wagonjwa wa Ebola zilijaribiwa hapa kwetu, katika utafiti ulioongozwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, na moja ya hizo ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Sayansi si mali ya wageni peke yao.

Hapa imani ina kazi yake. Labo inaweza kusema kirusi ni cha tawi gani. Haiwezi kumfundisha anayekipima kumheshimu mwanamke aliye mbele yake, wala kueleza kwa nini maisha ya mchimbaji wa Kamituga yana thamani sawa na ya mtu wa Geneva. Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wagonjwa wa mpox walikimbia vituo vya matibabu, na hakuna hesabu ya labo iliyoweza kuwarudisha. Kinachomfanya muuguzi abaki kitandani mwa mgonjwa wakati risasi zinalia hakitoki katika kitabu cha biolojia.

Tufanye nini?

Kwanza, wachungaji wetu wajizuie siku saba kama yule kuhani. Ugonjwa mpya ukitokea, au mlima ukiporomoka Kadutu, neno la kwanza la mimbarani liwe maombi na maelekezo ya kuokoa watu. Maelezo ya sababu yangoje hadi aliye na ujuzi aulizwe.

Pili, tuwatambue wataalamu walio katika viti vyetu. Karibu kila kusanyiko la Bukavu lina muuguzi, mwalimu wa biolojia au mwanafunzi wa kilimo. Tunawaita wakati wa kuchanga pesa za jengo. Tuwaite pia wafundishe, robo saa baada ya ibada, juu ya maji, chanjo, au ujenzi wa nyumba kwenye miteremko. Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA) kina wanafunzi wa teolojia na wa udaktari katika mji huu mmoja. Wakikaa pamoja mbele ya mgonjwa mmoja wakiwa bado vijana, hawataogopana wakiwa watu wazima.

Tatu, tuanze na ndoa. Ugonjwa wa SS, ambao Watanzania wanauita selimundu, umefanya watoto wengi kuitwa walozi au waliolaaniwa kwa sababu ya maumivu yasiyokwisha. Baba na mama wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Kipimo cha damu kabla ya ndoa kinaonyesha. Mchungaji anayefundisha wachumba aliweke jambo hilo katika masomo yake, si kwa kukataza ndoa, bali ili wajue wanakoingia na wajiandae. Na akumbuke kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa ulozi, hata akifanya hivyo kwa jina la unabii.

Mpox haitakuwa ugonjwa wa mwisho kutufikia. Mwingine ukija, watu watakimbilia kanisani kabla ya kukimbilia hospitali, kwa sababu wanatuamini. Wakutane pale na mtu anayeomba nao, halafu akawaonyesha njia ya sentri ya afya, na ikiwezekana akatembea nao hadi mlangoni.